Koti Halikuungua Lenyewe

Jumanne, saa nne asubuhi. Pasi iko mkono wa kulia, kalamu iko sikioni. Upande mmoja wa meza limelala shati jeupe la mikono mirefu; upande wa pili limefunguliwa daftari lenye mstari mmoja tu, nao umekatwa mara tatu.

"Shati linanisubiri na gazeti linanisubiri," anasema dobi ambaye mtaa mzima unamwita Mama Mvuke. "Lakini shati lina adabu. Halinipigii simu kuniuliza nimefika wapi."

Ana miaka kumi na minane katika kazi hii. Chumba chake kinatazama barabara: meza mbili, waya tatu za kutundikia, na kioo ambacho kimejaa mvuke kuanzia asubuhi mpaka jioni. Siku ya kawaida hunyoosha mashati arobaini. Jumatatu yanafika sitini, kwa sababu, anasema, watu wote hukumbuka Jumapili jioni kwamba wana kazi.

Kilichompeleka gazetini si pasi. Ni vikaratasi.

Tangu zamani ana mazoea ya kubana karatasi ndogo kwa pini kwenye nguo iliyo tayari, akimweleza mwenyewe hali ya nguo yake. "Kola hii imechoka. Inyooshe mara tatu zaidi itakuaga." "Suruali umeinenepea, usinisingizie mimi." "Mfukoni kulikuwa na barua. Sijaisoma. Ni ndefu mno."

Mteja wake mmoja ni mhariri wa kurasa za Jumamosi katika gazeti la mji. Alivikusanya vikaratasi hivyo mwaka mzima kwenye droo, kisha siku moja akaja bila nguo. Akamwambia kuna nafasi ya safu ndogo kuhusu utunzaji wa nguo, maneno mia nne, Jumamosi nne za majaribio. Wasomaji wakiipenda, ataendelea. Wakinyamaza, nafasi inarudi kwa fumbo la maneno, ambalo limeondolewa ili kumpisha.

"Nilikubali kabla hajamaliza kusema," anakumbuka. "Halafu akaondoka, nikakaa chini, nikajiuliza: sasa mimi naandikaje?"

Hapo ndipo balaa lilipoanza.

Safu ya kwanza aliiandika siku mbili, akiwa amevaa nguo za kutokea. Ilianza hivi: "Ikumbukwe kwamba usafi wa mavazi ni nguzo muhimu katika ustawi wa jamii yoyote ile." Baba watoto, fundi wa redio, aliisoma Jumamosi asubuhi amesimama mlangoni. Alipofika katikati akaikunja.

"Mama, nani amefariki?"

Wiki ya pili akageuka. Alikuwa amemsikiliza mtangazaji mmoja wa redio anayechekesha, akaona labda huko ndiko kwenye wasomaji. Akaandika: "Haloo wapenzi wa sabuni, mpo? Semeni mpo!" Alama za mshangao zilikuwa tisa katika aya ya kwanza. Jumatatu mteja mmoja alimwuliza kwa upole kama alikuwa na homa alipokuwa akiandika.

Mhariri anacheka akisimulia. "Nilimwomba dobi, akaniletea waziri. Wiki ya pili akaniletea mshereheshaji. Nikamwambia, mama, wewe mwenyewe unakuja lini?"

Barua za wasomaji baada ya wiki mbili zilikuwa mbili. Zote zilidai fumbo la maneno.

Aliyemsifia alikuwa mmoja tu, dada yake mkubwa, anayekaa nyumba ya tatu kutoka hapo. Yeye alizikata safu zote mbili akazibandika ukutani sebuleni. "Dada angebandika hata risiti kama ina jina langu," anasema Mama Mvuke. "Hiyo haikunisaidia."

Jumatatu ya wiki ya tatu, akiwa anawaza sentensi badala ya kutazama mkono, aliweka pasi juu ya koti la kijivu la karani wa mahakama na kuiacha hapo. Harufu ndiyo iliyomwamsha. Karibu na mfuko kulikuwa na alama ya kahawia yenye ncha, umbo kamili la pasi.

Alishona kiraka kwa ndani, akafanya alichoweza, kisha akabana karatasi: "Koti limeungua kidogo kwenye mfuko. Samahani sana."

Karani alikuja saa kumi. Ni mama mtu mzima, mpole, ambaye kazi yake ni kuandika yanayosemwa mahakamani. Alisoma karatasi. Akalitazama koti. Akasoma karatasi tena.

"Limeungua?" akauliza. "Lilikwenda jikoni?"

"Hapana, mama, ni pasi ilikuwa…"

"Ah, basi ni pasi. Pasi ndiyo tuishtaki?" Karani alikuwa anacheka sasa. "Mwanangu, usione nakutania. Mwaka wa ishirini na sita huu naandika. Kule kwetu kila kitu hutokea chenyewe. Pikipiki iligonga. Kisu kilimchoma. Mlango ulivunjika. Sijawahi kumwona mtu akija akasema, nimefanya mimi. Siku akitokea nitampigia makofi, hakimu anifukuze."

Akalipokea koti, akakataa fidia, akaenda zake akiendelea kucheka.

"Aliniudhi!" anasema Mama Mvuke. "Nilifunga kazi nikiwa nimevimba. Nikafika nyumbani nikamsimulia baba watoto, naye badala ya kunitetea akasema, lakini kweli, koti haliendi jikoni."

Wakati huo huo kitu kikaanguka upande wa vyombo. Binti yao wa mwisho, wa miaka tisa, akatokea mlangoni na macho makubwa.

"Mama, kikombe kimevunjika."

Watoto wake wote wanajua jibu la neno hilo, maana wamelisikia tangu wanatambaa: kimevunjika chenyewe? Kilichoka kuishi? Mdomo ulikuwa tayari umefunguka. Akaona mume wake anamtazama, kisha anaangalia dari kwa bidii.

"Nikafunga mdomo," anasema. "Ningemwambia nini yule mtoto? Mimi mwenyewe nimetoka kubana karatasi kwenye koti la watu."

Aliokota vigae pamoja na binti yake. Kisha akachukua daftari, akakaa pale pale jikoni kabla chakula hakijaiva, na akaandika: "Leo nimeunguza koti la mteja. Halikuungua lenyewe. Nilikuwa naota." Maneno mia nne yalitoka kwa muda wa wali kuiva: alivyoacha pasi, alivyoogopa, alivyoshona kiraka, na namna ya kupima joto la pasi kwa kitambaa chakavu kabla hujagusa nguo ya maana.

Mhariri alipiga simu asubuhi yake. "Ndiyo hii," alisema. "Hii ndiyo karatasi ya kwenye pini."

Jumamosi ile zilikuja jumbe thelathini na saba. Baba mmoja alikiri kwamba mashati ya shule ya wanawe hayakugeuka rangi ya waridi yenyewe. Aliyafua pamoja na soksi zake nyekundu. Bibi harusi alikiri kukalia chupa ya wino. Karani wa mahakama alituma neno moja: "Makofi." Jumamosi ya nne jumbe zilizidi mia, na fumbo la maneno likapewa makao mapya ukurasa wa michezo.

Malipo ya safu hayafikii anachopata kwa siku mbili za pasi, na hajaacha hata mteja mmoja. Ila juu ya kioo chenye mvuke amebandika karatasi iliyoandikwa "Nani?" Kila sentensi yake sasa lazima ijibu swali hilo kabla haijaruhusiwa kutoka.

Ndiyo maana leo kalamu iko sikioni na mstari umekatwa mara tatu. Safu ya wiki hii inahusu gauni la zambarau la dada yake. Miaka kumi na moja iliyopita alipewa alifue, akaona ni kazi nyingi, akalitia kwenye sufuria kubwa la maji yanayochemka. Likatoka linamtosha mtoto. Akamwambia dada yake kitambaa kilikuwa kibovu. "Nikamwambia, limerudi, kama nguo mbovu zinavyorudi na kuwa ndogo zikiingia maji. Miaka kumi na moja limerudi lenyewe."

Anapanga kuliandika lote, na anatamani siku moja safu hizi ziwe kitabu kidogo cha kuning'inizwa kwenye msumari karibu na beseni. Lakini kuna tatizo, na tatizo hilo linaingia sasa hivi mlangoni na chupa ya chai.

"Wiki hii unatuandikia nini?" anauliza dada mkubwa.

Mama Mvuke anasimamisha pasi wima. Anaichomoa kwenye umeme kabisa. "Dada, siwezi kukuacha usome na mji mzima. Lile gauni lako halikurudi. Nililichemsha mimi."

Dada anamimina chai vikombe viwili, taratibu. "Najua."

"Unajua?"

"Sufuria lako lilikuwa zambarau ndani. Ulidhani sina macho? Nilikuwa nangoja useme." Anampa kikombe. Halafu anatazama pembeni, na kwa mara ya kwanza anaonekana mdogo kuliko mdogo wake. "Na lile sufuria, unakumbuka mwezi ule ule lilipotea?"

"Nakumbuka. Nililitafuta wiki nzima."

"Halikupotea. Nililichukua mimi."

Mama Mvuke anaweka kikombe mezani. Kisha wanacheka wote wawili mpaka mpita njia anachungulia. Mama Mvuke anafuta macho kwa mkono wa shati la mteja, anajishtukia, anaangua kicheko upya, na anaitoa kalamu sikioni.

"Gauni lilirudi," anasema, akiandika. "Sasa na sufuria lirudi."