Daftari la Waliofukuzwa

Wakati wa vita, kocha Godefroid alimvua Kambale jezi mbele ya wenzake. "Watu wa Kivu wacheze kwao!" Kambale akanunua daftari na kuandika jina la aliyefukuzwa wa kwanza: lake.

Leo ni mkurugenzi wa michezo wa klabu ya mtaa wa Mikelenge. Huenda kwa pikipiki hadi Lubutu kutafuta wachezaji waliokataliwa na Godefroid. Anayeukimbilia tena mpira aliopokonywa, humwandika daftarini na kumsajili.

Jumapili, hao hao waliishusha daraja timu ya Godefroid kwa mabao manne. Kocha huyo, sasa mzee, akaja kwa Kambale, kofia mkononi.

"Mwanangu, niazime hata beki mmoja, nipande tena."

"Wote uliwafukuza mwenyewe, papa," Kambale alijibu, akifunga daftari. "Sasa tunacheza kwetu, na kwetu njo hapa, si Kivu tu."