Saa Iliyosimamishwa kwa Ajili ya Kondoo

Wenzake kazini walimwita Mama Kondoo, naye hakuchukia, kwa kuwa kweli alishinda na kondoo kuliko alivyoshinda na watu. Kwenye taasisi ile ya utafiti alifagia mabanda, akabadilisha nyasi, akawatembeza kondoo ishirini ambao madaktari wa mifugo walikuwa wamewaziba mshipa mmoja wa moyo makusudi, ili sehemu ya moyo ife kama inavyokufa kwa binadamu aliyepatwa na mshtuko wa moyo. Kisha kila kondoo alidungwa sindano. Kumi walipata eksosomu, yaani vifuko vidogo mno vinavyotolewa na seli, ambavyo huzipelekea seli nyingine maagizo ya kujikarabati. Kumi walipata maji ya chumvi tu. Nani kapata nini, hata Daktari mkuu hakujua; orodha ilifungiwa mbali.

Nyumbani alikuwa na kondoo wa ishirini na moja. Mumewe, fundi seremala aliyezoea kubeba mlango mzima begani huku akipiga mluzi, alipatwa na mshtuko wa moyo mwaka uliopita, na sasa kufunga vifungo vya shati tu kulimtoa pumzi. Hospitali walimwambia mke, pembeni, kwamba mwaka mmoja ukipita washukuru. Daktari mkuu, mtu mwema kwa haraka haraka zake, alimwahidi kwamba kondoo wakifanya vizuri watu watafuata, na mzee wake atampigania awe wa kwanza.

Angefunga mdomo wake, Daktari huyo.

Kipimo kilikuwa rahisi. Kondoo mmoja mmoja alitembezwa kwenye ukumbi mrefu kwa dakika sita, na Mama Kondoo akahesabu mizunguko. Wengine walikwenda bila taabu. Wengine walisimama katikati, mbavu zikipanda na kushuka, na hapo ndipo alipoharibu. Alibonyeza saa ikasimama. Akamsubiri mnyama apate pumzi, akamlambisha pumba kiganjani, akamwambia, "Twende baba, usiniangushe," kisha akabonyeza tena. Akili yake ilimwambia huenda ndiye huyu mwenye dawa, na akishindwa, dawa itaonekana haifai kitu. Kwa kuwa hakujua ni yupi, aliwabeba wote. Alifanya hivyo miezi mitatu, na miezi hiyo hiyo mumewe alizidi kudhoofu hadi akawa mtu wa kitandani.

Siku orodha ilipofunguliwa, Daktari alimwita ofisini.

"Mama, wa dawa na wa maji wametembea sawasawa. Wafadhili wamefunga mradi. Sielewi, maana picha za moyo zilikuwa zinatia matumaini."

Angeweza kunyamaza. Alikaa bila kukaribishwa, akasema yote. Daktari alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akavua miwani.

"Na wale wa maji ya chumvi ulikuwa unawasubiri?"

"Wote, Daktari. Sikujua yupi ni yupi."

"Basi umewabeba waliotakiwa kushindwa." Hakupaza sauti. "Kurudia ni kondoo wapya na miaka miwili, nikipata mfadhili. Mzee wako amebakiwa na miaka miwili?"

Lilikuwa swali la kikatili, na aliyeuliza alijua. Kisha alinyoosha mkono apewe funguo za mabanda.

Mchana ule ule Mama Kondoo aliketi ukingoni mwa kitanda akamweleza mumewe, bila kuficha hata mzunguko mmoja. Mume alisikiliza akitazama dari. Mke alitamani atukanwe, afokewe, apate walau pa kujitetea.

"Nisaidie nigeukie ukutani," mume akasema. "Sitaki kukuona."

Akamshika bega na nyonga, akamgeuza taratibu, kwa kuwa peke yake hakuweza tena.