Distribyuta Aliyoichagua Baba kwa Vidole

Nakumbuka asubuhi moja kule Konza, mwanangu, niliposikia injini ikiimba hata nikasahau kupumua. Keti nikueleze, maana nasikia nawe unafufua gari la zamani.

Baba yangu alishindana mbio za magari ujanani. Uzeeni macho yalimzimikia, na gari lake likabaki chini ya turubai kwetu Kalama. Mimi na dada yangu Ndinda tukalifufua, ili walau masikio yake yaonje tena mbio zile. Lakini kila tulipokanyaga mafuta sana, injini ilikohoa. Zile pointi za kizamani, vidude vya kukata umeme ndani ya distribyuta, kifaa kinachogawa cheche za kuwasha mafuta, hazikuweza kufungika na kufunguka kwa kasi ile. Tukaamua kuweka ya elektroniki, isiyo na pointi.

Muuza vipuri wa mjini Machakos alituazima mbili tumpelekee mzee achague.

"Nau," Ndinda akasema, maana ndivyo sisi Wakamba tunavyomwita baba, "tuchukue hii. Iko na moto mkali sana."

Baba akaipapasa, akazifikia springi ndogo zinazoiacha cheche iwahi zaidi kadiri injini inavyokimbia. Akatikisa kichwa.

"Springi zake ni ngumu. Hii ni ya injini ya mwendo wa pole. Moto mkali ukichelewa utafaa nini? Nipeni hiyo ingine."

Ya pili haikuwa na mbwembwe. Aliipapasa kila upande, kama mtu anayetambua uso wa mjukuu wake.

"Hii inajua kukimbia."

Tukaifunga, tukaenda Konza kwenye barabara ya ndani ya ranchi. Ndinda akakanyaga. Mshale wa kasi ya injini ukapanda, ukapita pale tulipozoea kukwama, ukazidi kupanda. Haki ya Mungu, mwanangu, sauti ile ilijaa uwanda mzima! Pundamilia waliinua vichwa. Baba akavua kofia taratibu kama aingiaye kanisani, machozi yakimtiririka.

"Ndiyo hiyo," alisema tuliposimama. "Sikujua nitaisikia tena."



Basi, mwanangu, usivutwe na ukali wa moto. Ving'aavyo vyote si dhahabu. Jua kwanza injini yako hukimbia vipi, ndipo utafute distribyuta itakayoleta cheche kwa wakati wake. Hata maishani, nguvu isiyojua wakati humvunja mwenyewe. Na furaha ya mzazi usiiahirishe.

Mungu aibariki mikono yako, akujalie safari ndefu, na kila uendako ukute mlango wazi.