Mlinzi Asiyekufa

Mlinzi wa lango kwenye lile gemu alikuwa hafi. Banda zima la gemu hapa Ifakara lilishamjaribu: risasi, lori, moto. Mmoja alimpa shikamoo kwanza, ndipo akamlipua. Mzee huyo wa lango anajipangusa vumbi tu, kisha anakufuata polepole mpaka akumalize. Kama mwalimu wetu wa nidhamu, ila huyu hakuwa na kitambi.

Siku hiyo mimi na binamu yangu tulitoka shambani kuamia ndege. Tangu alfajiri tulikuwa tunapiga madebe wasimalize mpunga, mpaka sauti zikakauka. Kesho yake binamu alikuwa anaondoka kwenda kukata miwa, shule ndiyo basi tena. Gemu tulilianza pamoja, na alitaka kitu kimoja tu: auone mwisho wake kabla hajaondoka. Aliyebaki njiani ni mlinzi.

"Shikamoo, babu," nikamwamkia mwenye banda.

"Marahaba. Kama mmemfuata yule, hafi. Wameshindwa wenye akili."

"Ndiyo maana tumekuja sisi."

Binamu alimpiga risasi moja, ya kumwamsha tu, akaanza kukimbizwa. Hata kubonyeza pedi alikuwa anabonyeza kwa uchovu. Pembeni mwa skrini nikaona kinamasi, nikakumbuka ng'ombe wanaozama bondeni masika.

"Mpeleke topeni."

Binamu akapita juu ya gogo lililolala kwenye tope. Mlinzi, ambaye hakufundishwa magogo, akanyoosha moja kwa moja. Magoti. Kiuno. Kofia.

Mwenye banda akasema, "Inna lillahi," huku anacheka.

Tukarudi langoni. Limefungwa. Yakatokea maandishi ya Kiingereza, na kwa mara ya kwanza Kiingereza changu cha shule kikanifaa: ufunguo anao mlinzi, muombe.

"Muombe?" binamu akauliza.

"Marehemu," nikasema.

Sote tulimfuata na silaha. Hakuna aliyewahi kumwomba kitu. Na gemu lilishajihifadhi lenyewe, mzee akiwa chini ya tope. Kuanza upya ni kazi ya wiki nzima.

Binamu akaweka pedi chini. "Twende tukalale, dogo."

Asubuhi nilimsindikiza stendi. Kabla basi halijaondoka alikuwa ameshalala, kichwa dirishani, mdomo wazi. Nilikuwa na utani mzuri sana kuhusu marehemu. Nikamwacha alale.