Zana ya Tatu ya Walubengo

Walubengo wa mtaa wa Kianda alikuwa na kichwa kizuri, hilo simnyimi. Kutulia tu ndiko kulikomshinda. Mwaka 1999 alikuwa akifundisha kompyuta katika chuo cha vyumba viwili karibu na mtaa wa Ayany, nami nilikuwa naandika barua za akina mama wasusi wa vyondo, vile vikapu vya kamba, Kawangware. Tulimwomba atutengenezee tovuti yenye fomu ya kuagiza. Mnunuzi kutoka Uholanzi angekuja chuoni Ijumaa ya mwisho ya Novemba. Akiona fomu inafanya kazi, angechukua vyondo vyetu mwaka mzima. La sivyo, angeenda kwa kikundi kingine.

Walubengo alianza na zana ya kuandikia programu iitwayo Perl. Nyumbani hakuwa na kompyuta, kwa hiyo aliandika programu kwa mkono katika daftari, kisha Jumamosi akaipiga kwenye mashine ya chuo na kuihifadhi katika disketi yake ya pekee. Wiki ya tatu akaniita. Nikajaza jina, nikabonyeza, oda ikaingia. Nilifurahi mpaka nikaenda kumwambia Rahab, mwenyekiti wetu, na akina mama wakaanza kusuka kwa bidii.

Basi jamaa mmoja wa mjini akamwambia Perl imezeeka, maofisi yanahamia ASP. Walubengo akakosa raha, akaanza upya. ASP ikiwa imekaribia kuiva, akasoma habari za PHP katika gazeti la mkono wa tatu.

"Sella, hii ndio yenyewe," aliniambia tulipokutana mtaani Sarang'ombe, miguu haitulii. "Ni ya bure, halafu ni nyepesi. Hizo zingine ni za kitambo."

"Na mnunuzi?"

"Wacha wasiwasi bana. Ni siku mbili tu."

Nilikasirika, nikamwacha aendelee. Mtu akikutajia herufi tatu usizozielewa, unajiona mjinga bure.

Ijumaa saa tatu asubuhi mimi na Rahab tulikuwa chuoni. Shati la Walubengo lilikuwa limelowa mgongoni. Fomu ilifunguka vizuri, lakini ukibonyeza, unaletewa ukurasa mweupe. Akabadilisha mstari mmoja, akabonyeza tena. Mweupe.

Rahab hajui kompyuta, ila macho anayo.

"Walubengo, ile ya kwanza, yenye Sella alijaza jina, ilikuwa inafanya?"

"Ilikuwa inafanya, mathe."

"Si uweke hiyo basi."

Akaangalia vidole vyake. "Disketi ilikuwa imejaa. Niliifuta ndio hii mpya iingie."

"Na daftari?" nikauliza.

"Iko. Lakini kuipiga yote tena ni siku nzima."

Nilimwonea huruma, na papo hapo nilitamani kumzaba kofi. Rahab akavuta kiti, akaketi karibu naye.

"Hata hukutuuliza," alisema taratibu. "Sisi ile ya kwanza tulikuwa tumeipenda."

Gari la mnunuzi likasimama nje. Walubengo alikuwa bado anabonyeza.