Mabenchi ya Kigango

Jovin alitoka gerezani mwaka elfu mbili ishirini. Hapana, nakosea. Ilikuwa ishirini na mbili, maana barakoa tulikuwa tumeshazitupa. Ni mtoto wa jirani yangu Hilda, hapa Masama. Alifungwa kwa kuiba kahawa ya mzee Remigius ikiwa bado juani kwenye kichanja. Aliiba kweli, simtetei.

Huko ndani walimfundisha useremala, akaiva. Aliporudi, kabla hata hajakaa sawa, alichuma jani la isale akaenda kwa Remigius kuomba msamaha. Kwetu Uchagani ukiletewa isale hukatai, na ukishalipokea, kosa limekwisha, hulitaji tena. Remigius alilipokea, wakanywa mbege kata moja. Nilikuwepo.

Basi kigango chetu, kanisa letu dogo la hapa, kikahitaji mabenchi, na mwenyekiti ni huyo huyo Remigius. Jovin akaomba kazi, akasema atatengeneza bure, wao walete mbao tu. Alitaka watu waone mkono wake, apate wateja. Kamati ikamjibu kwamba itafikiria. Ikafikiria mpaka lori lilipopanda kutoka mjini na mabenchi mapya, yamenunuliwa gerezani. Gereza lile lile alikotoka! Remigius akawa anayasifia: mbao kavu, kazi ya uhakika.

Tulishusha wote, Jovin naye. Akapindua benchi moja, akapapasa chini yake, akatabasamu.

"Mzee Remigius, hili nililiunga mimi."

Halafu Zita, mweka hazina, akasema, "Basi tuhesabu misumari, tuone kama imetimia."

Wakacheka. Remigius naye akacheka. Jovin akaliweka benchi chini taratibu, akaondoka. Wiki ile ile akaenda Marangu kubebea wageni mizigo mlimani. Randa yake mama yake ameifunga kwenye kanga, iko uvunguni inaliwa na kutu.

Mimi si mtu wa ugomvi. Nikiudhiwa hushika fimbo yangu nikatembea, nikafuata mfereji mpaka moyo utulie. Safari hii nilitembea mpaka miguu ikavimba, moyo haukutulia. Jumapili, katekista alipomaliza matangazo, nikasimama. Sikuwaamkia. Nilisema mtu akipokea isale halafu akamcheka aliyelileta, huyo amedanganya mbele ya wazee wetu na mbele ya altare. Remigius akainama akifunga kamba za viatu.

Kisha nikawauliza:

"Mikono iliyounga mabenchi mliyokalia mliiamini ilipokuwa imefungwa. Sasa imefunguliwa, mnaogopa nini?"