Neno la Kwanza la Binti wa Kalani

Jumamosi tulimzika, hapa Uvira, mwalimu mmoja ambaye wengi wenu hamkumfahamu, kwa sababu wanafunzi wake hawakuwa wale wanaosimamishwa mbele ya wageni kuimba. Walikuwa watoto wanaosikia vizuri, wenye akili zao, lakini maneno hayaji, au yanakuja yamevurugika. Wazazi wengine waliwapeleka kukatwa ngozi iliyo chini ya ulimi. Watoto walirudi na kidonda, na kimya kilekile. Yeye aliketi nao ufukweni wakianika ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa letu. Hakumuuliza mtoto kitu. Alianza sentensi, akaiacha wazi, akangoja: "Tunaweka samaki juu ya..." Mtoto akijaza "muchanga", hata kwa kukwama, alimpigia makofi.

Mara baada ya uhuru, jirani yake, kalani, yaani karani wa serikali, alimletea binti yake asiyesema. Mwalimu alitaka kuanza na maji, njaa na maumivu. Kalani, aliyekuwa amepewa meza na cheo cha Mbelgiji aliyeondoka, alikataa.

"Anza na minye, baba yake, mwalimu. Kila muntu ajue huyu ni mutoto ya nani."

"Akisikia kiu, bwana kalani, atakunywa cheo yako?"

"Atakunywa! Wazungu walikunywa yao miaka yote!"

Wakacheka, na baba akashinda. Msimu mzima wa mvua mwalimu alirudia, "Baba yako iko...", hadi mtoto akajaza, "Kalani!"

Kisha uasi dhidi ya serikali ukatufikia, na makalani wakawa wanasakwa kama wezi. Baba yule alivaa nguo za shamba, akabeba jembe, akashika njia ya bonde la Ruzizi pamoja na binti yake na mwalimu, wapate kuvukia Burundi. Yaliyofuata mwalimu alinisimulia mara moja tu. Walisimamishwa kwenye kizuizi cha waasi.

"Weye, kazi yako?"

"Minye mulimaji."

"Mulimaji wa mikono laini! Jembe inakuogopa, muzee!"

Wapiganaji walicheka, na ilionekana watawaachia. Yule aliyeuliza akamwinamia mtoto, bila ukali wowote. "Na weye, mama mudogo? Baba yako iko..." Kabla ya kumaliza, akageuka kukohoa.

"Kalani!"

Alilitamka vizuri kuliko siku zote. Kisha akamtazama mwalimu, akingoja makofi.

Baba alipelekwa ndani ya shamba la pamba. Walisikia risasi, wakaamriwa waendelee na safari.

Binti alinyamaza kwa muda mrefu. Mwalimu hakuacha kazi, ila tangu hapo kila mtoto alianza na maneno ya mwili wake mwenyewe: maji, njaa, inauma, sitaki. Hakuna mzazi aliyeweza kumshawishi vinginevyo. Na mbele ya binti yule, kila sentensi aliimaliza mwenyewe.

Jumamosi binti huyo, sasa mama wa watoto, alisimama kando ya kaburi. "Mwalimu wangu hana..." Akakwama. Hakuna aliyemsaidia. Tulingoja, kama marehemu alivyotuzoeza.

"Hana kosa," akasema.

Nakubaliana naye. Mtoto alisema kweli, na aliyemfundisha alifanya kazi yake. Kosa ni letu watu wazima, tulioweka barabarani mahali ambapo kazi ya baba, ikitajwa na mtoto wake, inatosha kumwua. Hatuna haki ya kuwafundisha watoto wanyamaze ili tuendelee kuishi na vizuizi hivyo. Vizuizi ndivyo vya kuondolewa.